Joho au Deraya: Kumvisha Mchawi katika Skyrim

Watazamaji wangu, karibuni. Katika video hii ninachambua mavazi ya mchawi katika The Elder Scrolls V: Skyrim, gemu ambayo kampuni ya Bethesda iliitoa tarehe 11 Novemba 2011 na ambayo mpaka leo wachezaji wake hawajakubaliana juu ya jambo hili moja: mchawi avae joho, au avae deraya? Nimemcheza mchawi kwa njia zote mbili, tangu leveli ya kwanza hadi za juu kabisa, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Vaa joho, tena bila kipande hata kimoja cha deraya, mpaka utakapoweza kujitengenezea vifaa vinavyoufanya uchawi wako uwe wa bure; hapo livue, uvae deraya nzito. Wanaojaribu kukaa katikati, joho mwilini na buti za chuma miguuni, ndio wanaokufa mara nyingi zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu kanuni. Skyrim haimwadhibu mchawi aliyevaa deraya. Unaweza kujifunika chuma kuanzia utosini hadi nyayoni, na mpira wako wa moto utatoka kwa nguvu ileile na kwa gharama ileile. Kwa hiyo swali si kwamba deraya inakuzuia nini, bali kwamba joho linakupa nini ambacho deraya haikupi. Linachokupa ni magicka, yaani ile nguvu inayolipia kila uchawi unaoutoa.

Chukueni mfano wa Firebolt, uchawi ambao karibu kila mchawi huanza nao. Gharama yake ya msingi ni magicka 41. Ukiutoa kwa mikono miwili pamoja, gharama hupanda mara 2.8, yaani inakaribia 115, na mhusika wa kawaida anaanza gemu akiwa na magicka 100 tu. Kiwango chako cha Destruction, yaani tawi la uchawi wa kushambulia, kitaishusha bei hiyo kidogo kidogo, na perki (uwezo wa ziada unaouchagua ukipanda leveli) ya Apprentice Destruction huikata nusu, lakini bado pengo ni kubwa. Magicka nayo hurudi polepole mno: nje ya vita hurudi kwa asilimia 3 ya jumla yako kila sekunde, na vita vikianza kasi hiyo hushuka hadi kama theluthi moja tu. Mwenye magicka 200 anarudishiwa 2 kwa sekunde huku dubu akimkimbilia. Hamwezi kuishi kwa mapato hayo.

Hapo ndipo majoho ya Chuo cha Winterhold, chuo cha wachawi ndani ya gemu, yanapoonyesha thamani yake. Joho la Destruction la ngazi ya Novice hupunguza gharama za tawi hilo kwa asilimia 12 na huongeza kasi ya kurudi kwa magicka kwa asilimia 50. La Adept hupunguza asilimia 17 na kuongeza kasi kwa asilimia 100, na la Master hufika asilimia 22 na 150. Joho la Archmage, ambalo hupatikana mwishoni mwa kisa cha chuo hicho, lina sifa tofauti: hupunguza gharama za uchawi wa matawi yote kwa asilimia 15, huongeza magicka 50, na huongeza kasi ya kurudi kwa asilimia 100. Ni vazi zuri kwa mchawi anayegusa matawi mengi. Lina dosari moja ambayo wasifiaji wake hawaitaji: linachukua nafasi ya mwili na ya kichwa kwa pamoja, kwa hiyo taji lako lililotiwa uchawi litabaki mkobani mwa mwenzako au sandukuni. Kwa mchawi wa moto pekee, mimi ningechagua joho la Master pamoja na taji.

Sasa mtauliza, na mishale je? Joho ni kitambaa, na kitambaa hakizuii mshale. Jibu liko kwenye tawi la Alteration, katika uchawi ambao mimi nauita kago, kwa kuwa kazi yake ni kuukaga mwili usidhurike. Oakflesh huongeza pointi 40 za ulinzi kwa sekunde 60. Stoneflesh huongeza 60, Ironflesh 80, na Ebonyflesh 100. Peke yake kago ni dogo. Lakini kuna perki iitwayo Mage Armor, yenye hatua tatu zinazofunguka Alteration inapofika 30, 50 na 70, na hatua ya tatu huzidisha kago mara tatu. Ebonyflesh inakuwa pointi 300. Kila pointi ya ulinzi hupunguza madhara ya silaha kwa asilimia 0.12, kwa hiyo pointi 300 ni asilimia 36. Ongeza jiwe la Lord, mojawapo ya mawe ya kusimama yanayompa nguvu anayeyagusa, lenye pointi 50 nyingine, ufike asilimia 42. Si ukuta, lakini ni zaidi ya theluthi ya kila pigo, na mwilini huna hata kilo moja ya chuma.

Sharti la perki hiyo ni kwamba usivae deraya yoyote. Wachezaji husoma neno hilo wakadhani lina nafasi ya huruma. Halina. Mimi mwenyewe niliokota buti za ngozi kaburini, zimetiwa uchawi wa kuongeza uzito unaoweza kubeba, nikazivaa kwa furaha kwa sababu mzigo wangu ulikuwa umejaa. Kwa saa nyingi sikuelewa kwa nini wale draugr, maiti wanaotembea, wenye pinde walikuwa wananitoboa kama pazia. Tazameni hapa kwenye menyu, chini, penye tarakimu ya ulinzi. Niko na joho, kofia ya kitambaa na viatu vya kawaida. Natoa Ebonyflesh, tarakimu inapanda kwa 300. Nasubiri kago liishe, navaa zile buti za ngozi, natoa uchawi uleule upya: inapanda kwa 100, na buti zinajazia pointi zake chache. Pointi 200 zimepotea kwa sababu ya buti. Ngao nayo huivunja perki hii, na vivyo hivyo vinyago vingi vya makuhani wa dragoni, kwa kuwa huhesabiwa kuwa deraya. Kinyago cha Morokei, kinachorudisha magicka kwa kasi ya ziada ya asilimia 100, kinavutia sana. Ukikivaa, ujue umekilipia kwa theluthi mbili za kago lako.

Tukija kwenye ujuzi, naomba msikimbilie matawi mengi. Kila leveli hukupa perki moja tu, na deraya ina gharama iliyofichika hapa: kiwango cha Heavy Armor au Light Armor, yaani ujuzi wa deraya nzito au nyepesi, hupanda hasa unapopigwa. Mchawi anayepigana vizuri hapigwi mara nyingi, kwa hiyo deraya yake inabaki kiwango cha chini, na perki alizozitia humo zinakaa bila kazi. Alteration hupanda kwa kuitumia, jambo ambalo liko mikononi mwako.

Kwenye Destruction, perki ninayoipenda kuliko zote ni Impact, inayofunguka tawi likifika 40. Uchawi mwingi wa Destruction ukitolewa kwa mikono miwili humyumbisha adui, akashindwa kupiga. Jitu lenye rungu linakujia, unampiga Firebolt ya mikono miwili, anayumba. Kabla hajakaa sawa unampiga nyingine. Haifanyi kazi kwa uchawi unaomiminika kama Flames, ila kwa ule unaorushwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo deraya ya kweli ya mchawi, maana pigo lisilotokea halihitaji kupunguzwa. Na mkumbuke ile hesabu ya mara 2.8: Impact inadumu kadiri magicka inavyodumu, na ndiyo maana nimesisitiza joho. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba kupanda kwa kiwango cha Destruction hakuongezi madhara hata kidogo, hupunguza gharama tu. Madhara ya moto yanaongezwa na Augmented Flames, asilimia 25 kisha 50. Kwa hiyo chagueni moto, barafu au umeme, mkae na kimoja. Mimi nachagua moto, kwa kuwa barafu inagonga mwamba mbele ya Nord, mtu wa kabila la wenyeji wa Skyrim, ambaye kwa asili hupinga nusu ya baridi.

Pia msisahau kwamba si kago wala chuma kinachozuia pumzi ya dragoni. Kinachoizuia ni upinzani wa uchawi. Breton, mojawapo ya makabila unayoweza kumchagulia mhusika wako, huzaliwa na asilimia 25. Perki za Magic Resistance kwenye Alteration huongeza 30. Jiwe la Lord huongeza 25 tena. Jumla ni 80, na ukomo wa gemu ni 85. Kwa sababu hiyo namchagua Breton kabla ya High Elf, ingawa High Elf huanza na magicka 50 za ziada.

Siku ya kulivua joho hufika Enchanting, ujuzi wa kutia vifaa uchawi, inapofika 100. Kwa perki zinazohusika na jiwe kubwa la roho, linalotoa nguvu ya kukitia kifaa uchawi, kifaa kimoja hupunguza gharama za Destruction kwa asilimia 25, na nafasi zinazokubali uchawi huo ni nne: mwili, kichwa, mkufu na pete. Nne mara 25 ni 100, na moto wako unakuwa bure. Mikono na miguu haikubali, kwa hiyo huko weka unachotaka. Perki ya Extra Effect inaruhusu kifaa kimoja kubeba nguvu mbili, hivyo vifaa hivyohivyo vinne vinaweza kulipia na tawi la pili. Mimi huchagua Conjuration, tawi la kuita viumbe. Tangu hapo magicka haikuumizi tena, na deraya nzito iliyonolewa vizuri hufika pointi 567, ambapo, pamoja na ulinzi wa ziada wa kila kipande cha deraya kinachovaliwa, ulinzi unagota kwenye asilimia 80.

Lakini anzeni na pete na mkufu. Hivyo viwili havihesabiwi kuwa deraya, kwa hiyo mnaweza kuvivaa pamoja na joho, Mage Armor ikiwa nzima, huku mkiendelea kuitafutia kifua na kofia ya chuma mawe ya roho yanayostahili.