Tathmini: Losheni ya Kalamaini kwa Watoto Wenye Tetekuwanga

Losheni ya kalamaini ni dawa ya kupaka, ya rangi ya waridi iliyopauka, ambayo hupatikana katika famasi nyingi za Dar es Salaam na mara nyingi huwekwa rafu za chini, jirani na spiriti na pamba, mahali ambapo mteja haioni mpaka aiulize. Familia nyingi hazina habari nayo hadi siku tetekuwanga inapobisha hodi. Sisi tuliihitaji mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mizigo ya safari ya Moshi ikiwa imekwisha kuanza kufungwa, na tumeitumia kwa watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, kiasi cha kutosha kuniruhusu niseme inachofanya na isichofanya. Kwa maoni yangu ni dawa nzuri ya kutuliza muwasho kwa muda mfupi. Ugonjwa wenyewe haiuponyi, na katika joto la jiji hili manufaa yake yanategemea sana namna inavyopakwa.

Chupa tuliyonunua ni ya mililita 100 na ina herufi BP, maana yake imetengenezwa kwa kufuata kitabu rasmi cha kanuni za dawa cha Uingereza. Kanuni yenyewe si ngumu: kalamaini asilimia 15, oksidi ya zinki asilimia 5, gliserini kidogo, udongo laini wa bentonaiti, na fenoli ambayo haifiki asilimia 1. Kalamaini ni unga wa madini ya zinki uliotiwa oksidi ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachoipa dawa rangi yake. Unga huo hauyeyuki katika maji. Ukiiacha chupa mezani usiku kucha, asubuhi utakuta tope zito la waridi limetuama chini na maji yamejitenga juu, na ukimimina bila kuitikisa utakuwa unampaka mtoto maji matupu. Inapaswa kutikiswa kwa nguvu kila inapotumiwa, hata kama umetoka kuitumia muda mfupi uliopita.

Inavyofanya kazi ni hivi: maji yake yanapokauka juu ya ngozi huipoza, na unga unaobaki hunyonya majimaji yanayotoka kwenye malengelenge yaliyopasuka. Tafiti zilizopima nguvu yake dhidi ya muwasho wa tetekuwanga ni chache, na ni haki mnunuzi alijue hilo kabla ya kutoa fedha yake. Ninachokieleza hapa ni kile nilichokiona nyumbani kwangu.

Aliyeanza kuugua ni mdogo, wa miaka minne. Alipata homa, akasusa chakula, kisha vipele vikajitokeza tumboni na mgongoni, vingine vikajificha katikati ya nywele. Tetekuwanga ina tabia moja inayozitesa familia: mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijaonekana, na huendelea kuambukiza mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya vigaga, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku 5 hadi 7 tangu vipele vitokee. Kwa hiyo unapomtenga mtoto, dada yake aliyelala naye kitanda kimoja amekwisha kuupata. Katika nyumba moja, mtu ambaye hajawahi kuugua ana uwezekano mkubwa sana wa kuambukizwa, hadi kufikia watu 9 kati ya 10. Hapa Tanzania chanjo ya tetekuwanga haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto, kwa hiyo watoto wengi hawana kinga nyingine zaidi ya ile inayopatikana kwa kuugua.

Safari ilivunjika siku ileile. Mama mkwe alipiga simu jioni akasema, "Mwanangu, kaeni hukohuko na wajukuu zangu, Krismasi ipo kila mwaka. Wifi yako ni mjamzito na utotoni hakuugua." Alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu tetekuwanga huweza kumletea mama mjamzito asiye na kinga homa kali ya mapafu, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni au anayekaribia kuzaliwa. Hata bila wifi kuwapo, basi linalotoka Mbezi Luis kwenda Moshi hukaa na abiria wake saa nyingi, na miongoni mwa abiria hao wamo watoto wachanga wa watu. Ninaiomba kila familia inayojikuta katika hali hii ikubali hasara ya nauli na kubaki nyumbani.

Basi tukabaki Tabata, geti limefungwa, watoto wa majirani wakija kuita kwa nje wakiuliza kwa nini wenzao hawatoki kucheza, na sikukuu yenyewe tukipokea sahani ya pilau iliyofunikwa kawa, iliyoachwa juu ya kibaraza na jirani mwenye kichanga. Katika siku za namna hiyo, mama anahitaji kitu cha kufanya mtoto anapolia kwamba anawashwa, na hapo ndipo losheni hii ilipodhihirisha thamani yake. Tulikuwa tunamwogesha kwa maji ya uvuguvugu, tunamkausha kwa kumgusagusa na khanga laini bila kumsugua, tunamsimamisha mbele ya feni, kisha tunampaka kwa pamba, kipele kimoja kimoja. Siku ya pili alianza kusimamia zoezi mwenyewe. Alishika kioo kidogo, akanyoosha kidole, "na hiki, na hiki," na hakukubali kuvaa fulana mpaka kile kilichokuwa nyuma ya sikio kimepakwa na yeye amekithibitisha kwa kugusa. Mtoto aliyekuwa akijikuna hadi damu alikaa kimya akihesabu madoa yake, na mikono yake ikawa na kazi nyingine.

Utulivu huo haudumu sana. Mchana wa Desemba, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, haukuwahi kuvuka saa moja, na usiku ulizidi kidogo kwa kuwa mtoto hatokwi jasho jingi. Losheni ikipakwa juu ya ngozi yenye jasho haikauki, bali huteleza na kujikusanya shingoni na kwapani, ambako hufanya utelezi unaomkera mtoto kuliko muwasho wenyewe. Feni ni sehemu ya tiba hii. Umeme ulipokatika, kitambaa kilicholowekwa maji baridi na kukamuliwa kilimsaidia zaidi ya losheni, na sikuona sababu ya kupoteza dawa.

Jambo jingine ambalo lebo haikulieleza ni kwamba tabaka la zamani linapaswa kuoshwa kabla ya kupaka jipya. Zinki hukausha ngozi, na ukirundika tabaka juu ya tabaka unapata ganda linalopasuka na kuwasha lenyewe. Kichwani isipakwe kabisa, kwa sababu hushikamana na nywele kama uji uliokaukia kwenye sufuria, na kuitoa ni kumuumiza mtoto mara ya pili. Pia isikaribie macho wala isiingie mdomoni. Vidonda vya mdomoni, ambavyo kwa mtoto wetu vilikuwa adha kubwa kuliko vya mwilini, haviwezi kutibiwa na losheni hii. Tulivivumilia kwa uji uliopozwa, mtindi na madafu. Mashuka na nguo za rangi nyeusi hubaki na unga mweupe, lakini unga huo hutoka kwa kufua mara moja.

Dada yake mwenye miaka saba alianza kutoa vipele kama wiki mbili baadaye, ndani ya muda unaotarajiwa, kwa kuwa ugonjwa huu hujificha mwilini siku 10 hadi 21. Mwaka mpya ulikuwa umeingia, sare zimenyooshwa, na wenzake wakirudi darasani yeye akabaki ndani. Anayeambukizwa na ndugu anayeishi naye mara nyingi hupata vipele vingi kuliko wa kwanza, na kwake ilikuwa hivyo. Alitaka kujipaka mwenyewe, na mdogo wake, ambaye sasa alikuwa na vigaga vinavyodondoka, akajiteua kumpaka mgongo kwa umakini ambao sijauona katika jambo lingine lolote analolifanya. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye vipele vingi kiasi kile losheni peke yake haikumwezesha kulala. Mfamasia alitushauri dawa ya mzio ya maji, ya jamii ya piritoni, wakati wa kulala, kwa kipimo cha umri wake, na mchanganyiko wa hizo mbili ndio uliotupa usiku wa usingizi. Mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja asifanye hivyo bila kumwona daktari.

Kuhusu ununuzi, ninawasihi wazazi wawe makini kaunta. Duka moja tulilopita lilikuwa tayari kutuuzia antibayotiki kabla hata ya kuuliza umri wa mtoto, ilhali tetekuwanga husababishwa na kirusi na antibayotiki haina kazi nacho, isipokuwa pale vidonda vinapoingiwa na bakteria na daktari akaona hivyo. Asprini asipewe mtoto mwenye tetekuwanga hata kidogo, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao hushambulia ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iepukwe, kwa kuwa imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi kwa wagonjwa wa tetekuwanga. Kwa homa tulitumia parasetamoli tu, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Zipo pia losheni za kalamaini zilizoongezwa difenihidramini, dawa ya mzio, na hizo hazifai kupakwa mwili mzima wenye vidonda, hasa mtoto akiwa anakunywa dawa ya mzio pia, kwa sababu hupenya kwenye ngozi na kujilimbikiza mwilini. Soma lebo na uchague ile ya kawaida.

Wengi watauliza kuhusu mwarobaini, na ni swali la haki, kwa kuwa katika mitaa yetu kumwogesha mtoto kwa maji yaliyochemshwa majani yake ni jambo la tangu bibi zetu. Sisi pia jirani alituletea matawi, na tuliyatumia katika beseni, maji yakiwa yamepoa vizuri. Mtoto aliyafurahia, na sina sababu ya kumkataza mtu. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kumnywesha mtoto mdogo mafuta ya mwarobaini, ambayo yamewahi kusababisha degedege na hata vifo vya watoto wachanga. Ikiwa fedha ni ya chupa moja tu, kucha zilizokatwa fupi, maji ya uvuguvugu na nguo nyepesi za pamba zitafanya nusu ya kazi ya losheni bila gharama.

Hakuna dawa ya kupaka itakayomfaa mtoto anayepumua kwa shida, anayetapika mfululizo, aliyelegea au kuchanganyikiwa, au ambaye ngozi kuzunguka kidonda imekuwa nyekundu, ya moto na inayovimba. Huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa, na mzazi atoe taarifa mlangoni ili asiketishwe kwenye benchi moja na wajawazito na watoto wachanga.

Kwa bei ya shilingi elfu chache, chupa moja ilimtosha mtoto wa kwanza na kubaki kidogo, na kwa upande wa bei sina lalamiko. Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni mdomo wa chupa, ambao ni mpana mno: dawa humwagika kwa wingi kuliko inavyohitajika, na unga hukaukia kwenye nyuzi za mfuniko mpaka ukagoma kufungika. Tulilazimika kumimina kidogo kwenye kisosi safi kila tulipopaka na kumwaga kilichosalia, badala ya kuchovya pamba iliyokwisha kugusa vidonda ndani ya chupa. La pili ni zito zaidi. Maelekezo yote yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo zinazofutika zikiguswa na losheni yenyewe, wakati anayempaka mtoto mchana kutwa katika nyumba nyingi za jiji hili ni bibi au dada wa kazi, ambaye Kiswahili ndiyo lugha anayoisoma. Maneno ya "tikisa kabla ya kutumia", "usipake karibu na macho" na "osha kabla ya kupaka tena" yanaenea kwenye lebo bila shida. Nyumbani kwetu niliyaandika mwenyewe kwenye karatasi nikaibandika chupani kwa selotepu. Natoa nyota nne kati ya tano, na nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya lebo hiyo.