Raba mpya za kebini kwenye Hilux ya 1994: miezi saba barabarani

Mlango wa dereva ndio ulionifumbua macho. Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya 1994, injini 3L ya dizeli, na kwa mwaka mzima mlango ule haukufunga mpaka niunyanyue kwa goti. Nikadhani ni bawaba. Nikabadilisha pini za bawaba, mlango ukagoma vilevile. Kumbe mlango haukuwa na kosa: kebini nzima ilikuwa imelalia upande wa kulia, kwa sababu raba zinazoitenganisha na chasisi zilikuwa zimekwisha.

Nabeba kabichi na viazi kutoka mashambani upande wa Bumbuli, nashukia Soni hadi Mombo, na mara moja kwa wiki nafika Tanga mjini. Ukipita njia za shambani wakati wa masika, gurudumu moja likiingia korongoni chasisi inajipinda. Raba ndizo zinazoachia kebini isijipinde pamoja nayo. Zikifa, kila mtikisiko unapanda moja kwa moja kwenye sakafu, kiti na kioo.

Kilichonitia hofu hasa ni feni. Nilikuwa nashuka Soni na mzigo nikasikia inakwangua kava lake. Feni ipo kwenye injini, na injini imekalia chasisi. Radieta na kava lake vimeshikwa na bodi. Bodi ikishuka, kava linashuka nayo, feni inabaki palepale. Mwenye pikapu ya zamani akisikia mkwaruzo huo, kabla hajanunua feni aangalie kwanza raba za mbele.

Mara ya kwanza nilifanya la rahisi. Fundi mmoja alinikatia vipande vya tairi kuukuu la lori, akatoboa katikati, akafunga. Nililipa shilingi 30,000. Wiki mbili nilifurahi, mwezi wa pili bolti zote zilikuwa zinacheza. Raba halisi ina bushi, yaani kijibomba cha chuma, katikati, na bolti inakazwa mpaka ikae juu ya bushi hiyo, kwa hiyo raba haibanwi kupita kiasi. Kipande cha tairi hakina bushi. Unakaza raba tupu, raba inalala, bolti inalegea. Tena zile nyuzi za ndani ya tairi zinanyonya maji, na maji yanakaa palepale penye bati la bodi. Tafadhali, msifanye hivi, hata kama hela ni ya shida.

Safari ya pili nilinunua seti kamili dukani, shilingi 210,000. Ni kopi, si za Toyota wenyewe. Palikuwa pia na zile ngumu za poliyurethani, ghali zaidi. Hizo hazidhuriki upesi na oili, lakini zinapitisha mtetemo, na dizeli ya zamani ikiwa sailensa, yaani injini inaunguruma gari limesimama, ina mtetemo wa kutosha. Nikabaki na raba. Nikizifinya kwa dole gumba zilirudi polepole, na ukucha haukuacha alama. Ila nyumbani nilipozipanga mezani nikaona bushi moja ni fupi kuliko wenzake kwa milimita kama 3, na washa mbili za chini, vile visahani vya chuma vinavyopitishwa bolti, ni nyembamba mno. Muuzaji alikataa kubadilisha, akasema boksi likishafunguliwa ndiyo basi. Hilo limeniuma, kwani bila kulifungua boksi ningeyajuaje ya ndani?

Kazi nilimpelekea mzee mmoja mwenye gereji Ngamiani. Nilipomwamkia na kumweleza kuwa nina mzigo kesho, alinijibu, "Marahaba, mwanangu. Kebini haiwekwi kwa haraka. Mzigo tafuta gari jingine." Nikakodi gari, na sijuti.

Bolti alizipulizia dawa ya kutu jioni, akaziacha zilale nayo. Asubuhi akachomoa nyaya za ethi zinazounganisha bodi na chasisi, akafungua joenti ya usukani na kava la feni, kisha akalegeza upande mmoja huku wa pili ukiwa bado umeshikwa. Jeki hakuiweka kwenye bati. Alilaza ubao mnene chini ya ukingo wa kebini, akainua kidogo kidogo, na kijana wake ameshika tochi, macho kwenye paipu za breki. Mabaki ya raba ya zamani chini ya miguu ya dereva yalitoka vipande vipande kama biskuti iliyolowa, mkononi yakaacha unga mweusi.

Bolti ya nyuma kulia ilizunguka bila kutoka. Nati yake imechomelewa ndani ya bodi, na kutu ilikuwa imeila. Mzee aliniita nione kwa macho yangu, akanitajia bei kabla ya kushika grainda: 25,000 zaidi. Akakunja kapeti, akakata kidirisha kidogo, akachomelea nati mpya, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Bushi fupi aliibadilisha na ya zamani iliyokuwa bado nzima, na washa za zamani akazisugua akazirudisha. Hakukaza bolti hata moja mpaka raba zote zilipokaa na gari likawa chini kwa magurudumu yake. Ufundi wote ulinigharimu 125,000 pamoja na ile nati, na baada ya kilomita 500 nilirudi akazikaza tena bila malipo.

Sasa mlango unafunga kwa vidole viwili. Mkono wa gia ukiwa namba mbili haugongi tena ukingo wa tundu la sakafuni, na feni inazunguka katikati ya kava lake. Mama mwenzangu ninayepanda naye siku za soko anasinzia njiani, jambo ambalo zamani halikuwezekana.

Raba nazipa saba kwa kumi. Juzi nimechungulia chini na tochi, nikaona ya mbele kushoto imeanza mstari mwembamba wa ufa, mapema kuliko nilivyotarajia. Mzee nampa kumi zote. Masika yakipita nitamrudia aikague hiyo moja, na nimeshamwomba anitafutie washa nene.