Boti ya bendera ya chungwa Bangkok, mtu wa Kirumba naipa nyota nne
Wana Mwanza, kama unaenda Bangkok na hela ya kuungaunga achana na teksi, panda boti ya mto Chao Phraya yenye bendera ya rangi ya chungwa. Nauli ni moja, kama baht 16 hivi (hela ya Thailand), ushuke kituo cha pili au umalize safari nzima sawa tu, na konda anapita anachezesha mkebe wake wa chuma wenye chenji yani unajua kabisa kafika, kama daladala zetu. Mi nimezoea feri ya Kamanga, unasubiri magari yapangwe weee, hii inagusa gati sekunde chache ishasepa, nusura begi langu lisafiri bila mimi. Kwenda hekalu la Wat Arun unavuka na kivuko kidogo kutoka gati la Tha Tien, bei ya pipi. Nyota moja nimekata coz jioni mnabanana kama dagaa kwenye gunia. Af kuna dereva bajaji aliniambia Grand Palace, lile jumba la kifalme, leo imefungwa, nikupeleke dukani kwanza... uongo mtupu, ilikuwa wazi, ila kiingilio baht 500 nikaichungulia kwa nje nikaenda zangu kula.