Websaiti ya harusi kwa Google Sites, tumeitumia Mwanza na hiki ndo nilichokiona

Kwa wanaouliza kama kuna haja ya websaiti ya harusi huku kwetu wakati kila kitu kinapita kwenye grupu la WhatsApp, mi nasema ipo, ila kwa kazi moja tu, kuelekeza wageni. Michango na hesabu ya wageni waachie kamati, huko websaiti haifui dafu.

Nilikuwa katibu wa kamati harusi ya mdogo wangu, Desemba. Tulianza na programu moja ya nje ya mambo ya harusi, jina nalihifadhi, kwa macho ni nzuri aisee, maua kila kona na siku zinajihesabu zenyewe, ila imetengenezwa kwa ajili ya harusi za kwao. Tarehe inatanguliza mwezi, kwa hiyo tarehe 6 Desemba ikatokea 12/6, shangazi akapiga simu anauliza mbona mmepeleka mwezi wa sita. Saa nayo imeandikwa 6:00 PM, na huku mtu akiona sita kichwani kwake ni saa sita. Sendofu haina pa kuiweka, kadi za singo na dabo (za mtu mmoja na za wawili) haijui, na zawadi inataka uunganishe na maduka ya Marekani, sasa baba mdogo wa Misungwi anaanzia wapi? Tukaachana nayo. Kuna na kijana mmoja wa mjini alitaka laki tatu atutengenezee pamoja na domeini (anwani ya websaiti yenye jina lenu wenyewe), kwa ukurasa ambao wiki ile ikiisha hauna kazi tena, hapana.

Tukaishia Google Sites, huduma ya Google ya kujitengenezea websaiti. Ni bure, unahitaji akaunti ya Gmail tu, unaandika Kiswahili chako unavyotaka, "Jumamosi tarehe 6 Desemba, saa 12 jioni", hakuna templeti ya kukubishia. Kaa kwenye kompyuta uitengeneze, ukimaliza unapata linki inayoanza na sites.google.com/view halafu jina mnalochagua. Linki inaingia kwenye grupu, mtu anagusa, basi.

Raha yake iko kwenye ukurasa wa "Utafikaje". Hapa ndo websaiti imelipa. Wageni wetu walitoka kila upande, na Mwanza ina stendi kubwa mbili, Nyegezi ukitokea Shinyanga na Nyamhongolo ukitokea upande wa Musoma, ziko mbalimbali kabisa, mgeni akishuka akaambiwa "njoo ukumbini Kirumba" bila maelezo bodaboda watamla hela hadi akome. Tukaandika kila njia na aya yake. Wa Geita na Sengerema tukawakumbusha daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, maana kuna wazee walikuwa bado wanapanga kutoka alfajiri wakawahi foleni ya kivuko! Wa Ukerewe tukawaambia kabisa walale mjini, sherehe inaisha usiku na hamna meli ya kuwasubiri, tukaweka na gesti za karibu. Ramani ya Google unaipachika humohumo ila pini iweke mwenyewe kwenye geti la ukumbi, usiandike jina la ukumbi ukaamini itapeleka watu panapotakiwa.

Kuthibitisha kuja tulitumia Google Forms, fomu za mtandaoni za Google, majibu yanajipanga kwenye jedwali kamati nzima inaona. Kitaalamu iko safi. Kiuhalisia waliojaza ni vijana na wafanyakazi wenzake mdogo wangu wa ofisini, wengine wote wakapiga simu, na mjomba akasema yeye hajazi fomu ya kwenda kula wali wa mpwa wake. Haki yake. Kwa hiyo kadi za kuskani mlangoni bado tulichapisha, na wenye vitochi walitumiwa meseji za kawaida.

Picha, punguzeni. Bibi harusi alitaka zile zote walizopiga Capri Point ziwe mbele, mgeni wa kijijini mwenye bando la kubangaiza anasubiri picha hadi anakata tamaa kabla hajaona ukumbi uko wapi. Tukabakisha moja juu, nyingine tukazitupia ukurasa wa mwisho. Amenuna kidogo, yameisha.

Namba ya michango msiiweke humo. Linki inasambaa, akipita tapeli anatengeneza ukurasa unaofanana anabadilisha namba tu, na watu wanatuma. Mweka hazina atume mwenyewe kwenye grupu, na jina litakalotokea kwenye muamala liandikwe.

Na akaunti ya kufungulia isiwe ya bwana harusi. Wiki ya mwisho simu yake haishikiki, na ratiba ya kanisani ikibadilika ghafla lazima awepo mtu mwingine wa kuingia kurekebisha saa ileile.