Fomu ya P3 ya Kenya: maswali mazuri, pengo moja la hatari

Katika kesi ya shambulio la kuumiza mwili, P3, fomu ya polisi ya kurekodi uchunguzi wa kitabibu wa jeraha, hubeba mzigo mzito kuliko ukubwa wake. Haiuzwi; anayekudai pesa za fomu anataka hongo. Mlalamishi huripoti kwanza kituoni, hupewa nambari ya OB (kitabu cha polisi cha kuandikia matukio), polisi hujaza sehemu yao, kisha daktari au afisa wa kliniki hujaza iliyobaki na kutia sahihi na muhuri. Nyota 3 kati ya 5.

Maswali yake yametungwa na mtu anayejua korti. Nguo zilikuwaje? Jeraha liko wapi, lina saa, siku au wiki ngapi? Yaelekea silaha ilikuwa ya aina gani? Hati ya mashtaka ikitaja panga na fomu ikasema kifaa butu, wakili wa utetezi ameshapata pa kuanzia. Ukikawia wiki mbili, mpimaji atakuta kovu tu, kwa hiyo beba karatasi za matibabu ya siku ile ile. Jeraha likishashonwa, kina chake hakionekani.

Nyota zilizokatwa ni za pengo la kiwango cha madhara. Madhara ya kawaida huelekea kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha hadi miaka 5. Madhara makubwa huelekea 234, ambacho hufika kifungo cha maisha. Maana za maneno hayo zimechapwa kwenye fomu, ila kwa Kiingereza kitupu, na mwenye jeraha mara nyingi haelewi kitu. Fomu ikijazwa kabla ya picha ya eksirei, mfupa uliovunjika huandikwa uvimbe na shtaka hushuka. Likishashuka hadi 251, hakimu anaweza kuhimiza pande mbili zipatane kwa fidia, chini ya kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Kifungu hicho hakigusi 234.

Tena, P3 huthibitisha jeraha, haimtambui aliyepiga. Bila ushahidi wa kumtambua mshambuliaji, hata iliyojazwa vizuri haimfungi mtu.

Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi huruhusu ripoti hiyo ya daktari ipokewe kama ushahidi, lakini mahakama inaweza kumwita aliyeijaza ahojiwe. Kabla ya kuondoka hospitalini, hakikisha jina lake linasomeka.