"Nyabo, shida ni usafi tu"

Maneno hayo (nyabo ndiyo "bibi" ya kwetu) niliambiwa jikoni kwangu, hapa Walukuba, Jinja, Uganda, na mwanamume aliyesimama na viatu vya tope juu ya sakafu niliyokuwa nimemaliza kuipiga deki. "Nyabo, shida ni usafi tu." Nimekaa na sentensi hiyo siku nyingi nikidhani itapoa. Haijapoa, inazidi kuchacha, basi acha niitoe.

Jina la kampuni silitaji. Ni mafundi bomba, wana pikapu yenye ngazi juu na maneno matamu kwenye simu. Niliwaita kwa sababu ya harufu.

Harufu yenyewe ilikuwa na tabia ya mdai. Siku umejiandaa kumpokea, haji. Siku una wageni sebuleni, kafika kabla ya chai. Wiki nzima nyumba shwari, halafu jioni moja nakaanga vitunguu, nageuka kuelekea ukumbini, na mayai viza yananipiga usoni. Baba watoto akasema ni panya amefia darini. Akapanda na tochi, akashuka na buibui. Jirani akasema ni upepo wa Kirinya, kule kwenye mabwawa ya maji taka ya mji. Mimi nimekulia hapa. Upepo wa Kirinya naujua, na wa viwanda vya samaki Masese naujua, na zote mbili ukitoka nje unazikuta. Hii ilikuwa ya ndani. Ukifungua mlango wa uani, nje hewa safi, mwembe unatikisika tu.

Na sasa jambo la kuniumbua. Kila mama mkwe alipokuja kutoka Tororo, harufu ilitoweka. Anakaa wiki mbili, hakuna kitu. Anaondoka, baada ya wiki tatu nne hivi, mgeni wetu anarudi. Nilipomlalamikia kwenye simu akanijibu, "Mwanangu, mimi sijawahi kusikia harufu kwako. Kama hutaki nije, sema." Nikanyamaza. Ungejibu nini?

Basi wakaja mafundi. Mara ya kwanza walifungua bomba chini ya sinki, wakamimina dawa yao kali, wakasugua, wakaosha vyombo vyao kwenye bafu la wageni, wakachukua elfu 80 wakaenda. Harufu ikakatika! Karibu mwezi mzima. Nikawasifu kwa majirani, hata shemeji yangu wa Bugembe nikampa namba yao. Hilo la shemeji ndilo linaloniuma zaidi, maana alinisikiliza.

Ikarudi. Nikapiga simu. Wakaja mara ya pili, saa nne asubuhi, madirisha wazi, jiko limelala. Mkubwa wao akazunguka chumba hadi chumba akivuta pumzi kama mtu anayechagua nanasi sokoni. Hakusikia kitu, na hapo sitamlaumu, kweli asubuhi ile hapakuwa na kitu. Ila badala ya kusema "leo sisikii, nitarudi jioni," akafungua kabati la chini ya sinki langu, akaona maganda mawili ya ndizi kwenye ndoo ya taka, akanigeukia na ile sentensi. Mbele ya dada wa kazi. Mbele ya kijana wake msaidizi, aliyeinamisha macho.

Kisha, kwa kuwa usafi tu hauna bei, akaamua tangi la maji taka limejaa. Nikajiuliza, kama shida ni usafi wangu, tangi linaingiaje? Lakini nilikuwa nimeshachoka, nikakubali. Gari la kunyonya likaja, laki moja na elfu 80. Dereva alipofungua mfuniko alichungulia akaniambia taratibu, "Mama, hili hata nusu halijafika." Akanyonya hivyo hivyo, maana amri imetoka kwa mkubwa.

Siku hiyohiyo yule kijana alinifuata uani wakati mkubwa yuko kwenye simu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, lile bafu la wageni, jaribu kumwaga maji kwenye kitundu cha sakafuni." Na mimi, kwa hasira zangu, nikamkata: "Mwanangu, bafu lile halitumiki, litanuka vipi?" Akasema sawa mama, akaenda kukunja mpira wa maji.

Mara ya tatu walikuja kunieleza kwamba itabidi wavunje vigae vya ukumbini, bomba la chini limepasuka. Wamelionaje? Uzoefu. Ukaguzi huo elfu 40, vigae mbali. Nikawaambia nitafikiri.

Jioni hiyo nilikuwa nasubiri wageni wa dua. Nikawasha kijiti cha udi kufukuza aibu, nikawa napita nacho ukumbini huku feni ya jikoni ya kuvuta moshi inanguruma. Kwenye mlango wa bafu la wageni moshi ulifanya kitu. Ulikuwa unapanda wima kama uzi, ghafla ukalala, ukaelekea jikoni. Nikaingia, nikakiweka kijiti sakafuni karibu na kile kitundu chenye kichujio. Moshi ukasukumwa ukikimbia kitundu, kana kwamba kuna mtu chini anaupuliza. Nikaenda kuzima feni. Moshi ukasimama. Nikawasha, ukalala. Nilifanya hivyo mara nne, mwanamke mzima na mtandio wangu, nikikimbia kati ya swichi na bafu.

Nikainua kichujio, nikamulika tochi. Chini, pale penye mkunjo ambapo panatakiwa kuwa na maji, palikuwa pakavu kama chungu kipya. Uzi wa nywele, na mende mmoja aliyekauka miguu juu. Nikamimina makopo mawili ya maji. Bomba likabeua. Kabla ya isha nyumba ilikuwa inanukia udi peke yake.

Ndiyo hivyo tu. Ule mkunjo, mafundi wanauita trapu, kazi yake ni kushika maji kidogo, kama sentimita tano hivi, yazibe njia ili hewa ya shimoni isipande. Bafu lisipotumika, maji hukauka pole pole kwa wiki kadhaa, na kiangazi haraka zaidi. Ukiwasha feni inayotoa hewa nje huku umefunga madirisha, nyumba inatafuta hewa popote pa kuipata, inaivuta kupitia kitundu hicho. Mama mkwe alikuwa akioga mle. Mafundi wenyewe waliosha vyombo mle! Waliitibu nyumba yangu bila kujua, wakanitoza kwa sinki.

Na si elimu ya juzi. Fundi saa mmoja Mskochi, Alexander Cumming, alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya choo chenye bomba lililopindwa lishike maji mwaka 1775. Fundi saa! Wetu ni fundi bomba, mwaka huu, na anakagua maganda ya ndizi.

Sasa nyota za kuwapima mafundi hawa. Nilikaa chini niwape sifuri. Lakini niseme haki, sinki langu tangu siku ile linapitisha maji vizuri, na kiungo walichobadilisha hakijadondosha hata tone. Kazi ya mikono wanaijua. Nikasema basi wapewe mbili. Nikakumbuka tangi ambalo halikuwa nusu, nikashuka hadi moja. Nikakumbuka "usafi tu," nikafuta yote. Kisha nikamkumbuka yule kijana, aliyejua tangu mara ya pili, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo, na mkubwa wake hakuwahi kumuuliza. Tano kwake. Nitazigawanyaje sijui, wanavaa fulana moja.

Siku hizi kila Ijumaa dada anamwaga kopo la maji kwenye kitundu, na tukisafiri naongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, maji yasikauke upesi. Vigae vyangu viko pale pale.

Mkubwa alipiga simu juzi kuulizia elfu 40 yake ya ukaguzi. Nikamwambia ipo, iko mezani chini ya chetezo. Amtume yule kijana aje kuichukua, peke yake, na akija atakuta na chai.