Wingu likaitwa upungufu wa nitrojeni

Huduma hii ya kukagua mashamba kwa satelaiti naipa nyota moja, na hiyo naitoa shingo upande.

Masika yamepamba moto hapa Muheza, mahindi yanapendeza, mara meseji: shamba lako lina upungufu wa nitrojeni, weka mfuko mmoja wa urea kwa eka. Kufungua ramani, shamba lote jekundu. Michungwa ya majirani nayo jekundu, hadi msitu! Nitrojeni gani hiyo inayoisha mpaka msituni?

Lilikuwa wingu, basi. NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, huchukua infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), hupunguza humo mwanga mwekundu, kisha hugawa kwa jumla ya vyote viwili. Jani bichi hunyonya mwekundu na kurudisha infraredi tele, ndiyo maana mahindi yaliyofunika ardhi hufika 0.7 au 0.8. Wingu hurudisha vyote karibu sawasawa, jibu huangukia jirani na sifuri, kama ardhi tupu. Picha za satelaiti za Ulaya za Sentinel-2 zilizosafishwa huja na tabaka linaloonyesha mawingu na vivuli vyake. Kuchuja kunahitaji nia tu.

Nikapiga simu. Kijana wao akanijibu: "Mzee, satelaiti haidanganyi, labda macho yako." Shikamoo hakuna, shamba liko wapi hakuuliza. Na urea wanauza haohao! Ukiimwaga mvua ikipiga vile, inaishia mtoni.

Haki yao niwape: kiangazi, anga ikiwa safi, waliionyesha kona iliyokuwa inakosa maji kabla majani hayajajikunja. Kwa hilo ningepandisha hadi nyota tatu. Lakini picha zenyewe ni za bure, mtu yeyote anazifungua kwenye tovuti ya Copernicus Browser, na pikseli yake, yaani kila kijiraba cha picha, ni mita 10 kwa 10. Eka moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, yaani pikseli sita kwa sita, na zaidi ya nusu ziko mpakani, zimechanganya mahindi yako na njia ya ng'ombe. Mwenye shamba kubwa la mkonge hilo halimsumbui. Aliyepanda chini ya minazi anasomewa makuti. Narudi kwenye moja.

Kabla ya kulipa, dai tarehe ya picha na uione kwa rangi zake za kawaida. Wingu utalitambua mwenyewe. Wakikwambia masika wanatumia rada ya satelaiti nyingine, Sentinel-1, ni kweli inapenya mawingu, ila inasoma umbo la mimea na unyevu, haisomi ukijani. Wakitaja nitrojeni hapo, kata simu.